Uji Niliompelekea Mama Mkwe

Kwa desturi ya kwetu siku zile, mwanamume hakumtazama mama mkwe wake usoni. Ukikutana naye njiani unaingia majanini kumpisha. Ukiwa na neno la kumwambia unampa mke wako, naye anakupelekea, hata kama mama mwenyewe amekaa hatua tano kutoka ulipo na amesikia kila kitu. Kwa hiyo mwaka wote wa kwanza wa ndoa yangu nilimfahamu mama mkwe kwa mambo mawili tu. La kwanza ni sauti yake ya chini, iliyokwaruza kidogo. La pili ni mikono yake. Siku ya kutoa mahari aliinyoosha kupokea kitambaa, nikaona madoa, mengi, ya rangi ya kahawia iliyokoza, kuanzia kiwiko kwenda juu mpaka yakapotea ndani ya kaniki.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimesomea kazi ya udresa Tabora kwa miaka miwili, nikarudishwa Mpanda kwenye hospitali ndogo ya mji, ile iliyokuwa na vitanda ishirini na kidogo na daktari mmoja. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, mgodi wa madini ya risasi ukiwa umejaza mji watu wa kila kabila, na treni ya Kaliua ikileta wengine. Kazi yangu ilikuwa kuosha vidonda, kuchemsha sindano, kugawa vidonge na kuandika kwenye daftari. Lakini Majengo, nilikopanga chumba na ukumbi, watu waliniita daktari, nami sikumsahihisha hata mmoja. Nilitembea na koti langu jeupe mpaka sokoni. Leo nikikumbuka lile koti sokoni, katikati ya mafungu ya dagaa wa Karema, natamani mtu angenicheka. Hakuna aliyenicheka.

Mwisho wa kiangazi, joto likiwa limekaza na mvua bado, mjomba wa mke wangu alifika na baiskeli. Nyuma amemfunga dada yake, mama mkwe wangu, kwa shuka, ameketi upande, mguu wa kulia umezungushiwa majani na matambara. Walikuwa wametembea siku mbili. Mama alikuwa amekanyaga kisiki kwenye shamba lililochomwa moto, akadhani ni kitu kidogo, na sasa unyayo ulikuwa umefura mpaka juu ya kifundo, unatoa usaha, na mwili wake ulikuwa wa moto. Mjomba alilala kwetu siku moja akarudi kijijini kuandaa shamba.

Tulimpa chumba, mimi na mke wangu tukahamia ukumbini. Ilibidi desturi ilegezwe, maana mimi ndiye niliyejua kusafisha vidonda. Mke wangu alimfunika mama yake mwili mzima na uso, ukabaki mguu tu, nami nikauosha mguu ule kama mguu usio na mwenyewe. Jioni ile mke wangu alinieleza mambo ya mama yake. Alieleza polepole, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mzigo wenye vitu vya kuvunjika.

Alisema mwili wa mama una mambo yake. Nyuki mmoja akimuuma, anaanguka chini kama amepigwa na rungu. Kwa sababu hiyo baba yake, ambaye ni mrina asali, akirudi kutoka mizingani huoga mtoni na kubadili nguo kabla hajaingia nyumbani. Pombe hanywi, hata ya kuonja. Jua kali likimpiga akiwa analima, ngozi inamuwasha na madoa yanainuka. Maji ya baridi ya ghafla pia hayamfai. Halafu kuna vidonge vyeupe. Zamani, mke wangu akiwa mtoto wa kunyonya, wazazi wake walikwenda Karema kwa ndugu wavuvi, mama akaumwa kichwa, akapewa vidonge viwili vyeupe. Hazikupita dakika nyingi akaanza kujikuna, akatapika, akazimia, na watu wakaanza kulia wakidhani amekufa.

"Usimpe vidonge vya kichwa," mke wangu alisema. "Dawa nyingine mpe kidogo kwanza, umwangalie. Ndivyo alivyozoea yeye."

Nilimwambia nimesikia. Moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba hizo ni habari za kijijini. Nilidhani mama aliyezimia Karema alizimia kwa malaria, vidonge vikasingiziwa. Katika vitabu vyangu vya Tabora hapakuwa na ugonjwa unaounganisha nyuki, pombe, jua na aspirini, na kwa kuwa haukuwemo kwenye vitabu vyangu nilidhani haupo.

Kuna jambo lingine, na hili nalieleza kwa shida zaidi. Yale madoa yalinitisha. Nilihofia ukoma. Nilijua dalili za ukoma, nilifundishwa, na kama ningemchunguza ningeona kwamba madoa yake hayakufa ganzi, kinyume chake yaliwasha. Sikumchunguza. Nilichofanya ni kumwambia mke wangu amtengee mama yake kikombe na bakuli, asivichanganye na vyetu, na amfunike mikono wakati wote watu wakija kumjulia hali. Sikusema neno ukoma. Nilisema ni usafi wa kihospitali. Mke wangu alinitazama, akachukua kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu, akakiweka peke yake kwenye rafu. Mama mkwe alitambua siku hiyohiyo. Nilijua ametambua, kwa sababu alipomaliza kunywa alikiosha kile kikombe mwenyewe akiwa amekaa kitandani, na hakumpa mtu.

Asubuhi ya pili nilileta penisilini kutoka hospitali kwa ruhusa ya daktari, ambaye nilikuwa nimemweleza kwamba mkwe wangu ana kidonda mguuni. Nilimchoma sindano. Kama mke wangu alivyotaka, nilimchoma kidogo kwanza, nikakaa, nikamalizia. Hakupata neno. Mchana alilala vizuri. Ile ingetosha kunifundisha kwamba njia ya mke wangu ilikuwa njia. Mimi nikaichukulia kuwa ushahidi kwamba mwili wa mama ni kama wa watu wengine.

Alasiri homa ilipanda tena. Alikuwa anatetemeka na kuweweseka, anamwita mama yake aliyekwisha kufa. Mke wangu alikuwa anamkanda kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na vidonge viwili vya aspirini mkononi, nikijua kwamba kwa saa moja tu homa ile ingeshuka. Nilimpa mke wangu. Mama alivitambua bila kuambiwa, akageuza uso ukutani. Mke wangu akanirudishia vidonge.

Baada ya muda mke wangu alichukua ndoo akaenda kisimani. Uji wa ulezi ulikuwa jikoni, umeshaiva. Nilivisaga vile vidonge kwa mgongo wa kijiko, nikavikoroga kwenye bakuli, nikaongeza asali kufunika uchungu. Kisha nikabisha mlango wa chumba, nikaweka bakuli juu ya kigoda kando ya kitanda, nikageuka nikatoka. Mkwe kumpelekea mama mkwe chakula kwa mkono wake mwenyewe lilikuwa jambo la heshima kubwa, na la ajabu kidogo. Nilimsikia nyuma yangu akisema, "Ahsante, baba." Ilikuwa mara ya kwanza kuniambia neno moja kwa moja.

Aliunywa wote, nadhani kwa sababu mimi ndiye niliyeuleta.

Mke wangu alirudi na maji. Muda si mrefu nikasikia mama anajikuna, kucha zikienda juu ya ngozi haraka haraka, halafu akamwita binti yake kwamba uso unamwaka. Nilipoingia, desturi sikuikumbuka tena. Macho yalikuwa mekundu, kope zimevimba, na kwenye shingo na mikono kila doa lilikuwa limeinuka kama ameumwa na siafu mia. Alishika tumbo, akatapika. Akajiharishia, mwanamke mzima, mbele ya mume wa binti yake, na kabla hatujamfikia macho yakageuka juu. Nilishika mkono wake kutafuta mapigo, nikayakosa, nikayapata, membamba kama uzi.

Majirani walikibeba kitanda pamoja naye ndani, wanaume wanne, tukakimbia naye barabarani. Hospitali haikuwa mbali. Daktari alikuwa Mhindi mfupi, mzee kiasi, mtu wa maneno machache, aliyekizungumza Kiswahili kwa lafudhi ya kwao lakini bila kukosea. Alitupa jicho moja tu, akaagiza adrenalini, akamchoma yeye mwenyewe, akamwinua miguu, akakaa naye. Baada ya sindano ya pili mapigo yalirudi. Ndipo akaniuliza, "Amekula nini? Amepewa dawa gani?"

Mke wangu alikuwa pembeni yangu. Nikasema, "Nimempiga penisilini asubuhi."

Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilikuwa jepesi kutoka mdomoni. Daktari alitikisa kichwa, akachukua kalamu ya wino mwekundu, akaandika juu ya karatasi yake kwamba mgonjwa huyu asipewe penisilini tena. Nilisimama nikiangalia wino ule ukikauka. Nilijua dawa niliyomnyima ndiyo iliyokuwa inamfaa. Nilijiambia ziko nyingine.

Vilikuwepo vidonge vya salfa. Akapewa hivyo, kimoja kimoja, na mwili wake haukuvikataa, lakini usaha nao haukuvijali. Siku ya pili uvimbe ulipanda nusu ya muundi. Siku ya tatu vidole viwili vidogo vya mguu vilianza kuwa vyeusi. Daktari aliamua kupasua apate kutoa usaha, na akaagiza apewe kwanza mofini ya kutuliza maumivu. Mama alikataa. Kwa sauti ileile ya chini alimwambia binti yake amwambie daktari kwamba mwili wake haupokei dawa kali bila kuzoeshwa.

Nilitegemea daktari akasirike. Alivuta kiti akakaa. Alimwomba mke wangu aeleze, na mke wangu akaeleza yote, nyuki, pombe, jua, maji ya baridi. Daktari alikuwa anaandika. Niliona jinsi alivyokuwa anaandika, bila haraka, anarudia neno apate hakika, na nilijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo. Mambo yaleyale niliyaambiwa mimi jioni moja ukumbini kwangu, nami nikaitikia tu.

Walipofika kwenye vidonge vyeupe vya Karema, daktari aliinua kichwa. Akanigeukia.

"Siku ile ulimpa aspirini?"

"Hapana, bwana daktari."

Sijui kwa nini lilitoka haraka hivyo. Mke wangu hakugeuka. Alikuwa anakunja upande wa shuka ya mama yake, akaendelea kuukunja. Daktari alisema kwamba mofini itaachwa, akatumia dawa ya ganzi ya kuchoma pale palipopasuliwa tu, kidogo kidogo, na mama alivumilia. Usaha ulitoka mwingi. Lakini siku ya nne asubuhi homa ilikuwa palepale, na daktari alituita mimi na mke wangu nje ya wodi, akatuambia kwamba kama mpaka kesho hali ni hiyo, itabidi aukate mguu chini ya goti. Alisema bila penisilini hana silaha nyingine, na penisilini imeshaonekana kuwa ni sumu kwake.

Daktari alipoondoka, mke wangu alibaki amesimama kwenye kivuli cha ukuta. Asubuhi ilikuwa imetulia, wagonjwa wengine wamelala. Alikuwa ameshika lile bakuli la mama yake, maana bado tulikuwa tunamletea chakula kwenye bakuli alilotengewa.

"Siku ile niliosha bakuli hili," alisema. "Chini kulikuwa na ungaunga mweupe. Ulezi hauna unga mweupe."

Niliangalia bakuli lile.

"Nimekungoja siku nne. Nilisema, atasema mwenyewe. Jana daktari alipokuuliza nilijua sasa atasema." Akanitazama, na macho yake hayakuwa na hasira ambayo ningeweza kuishika na kujibishana nayo. "Usiposema sasa hivi, nitasema mimi. Lakini nikisema mimi, siwezi kurudi nawe nyumbani."

Nimeyarudia maneno yale miaka mingi. Watu wakisikia kisa hiki, wachache niliowasimulia, husema kwamba hata hivyo nilikwenda kuungama. Ni kweli nilikwenda. Lakini nilikwenda nikisukumwa, na sina hakika kwamba bila yeye ningekwenda. Nilikuwa tayari nimeanza kufikiria jinsi tutakavyomtunza mama akiwa na mguu mmoja, nitamchongea gongo la mti gani. Mawazo yangu yalikuwa yamefika huko.

Daktari alikuwa ofisini anakula machungwa. Nilisimama mbele ya meza nikamwambia. Hakupaza sauti. Aliuliza nilimpa vingapi, nikasema viwili. Aliuliza ni muda gani ulipita, nikasema kama nusu saa. Aliuliza sindano ya asubuhi ilimfanyaje, nikasema hakupata neno lolote. Alifuta mikono yake kwa leso, kidole kimoja kimoja.

"Siku nne nimemnyima dawa yake kwa neno lako," akasema.

Kisha alinipa kalamu na ile karatasi. Aliniamuru nifute kwa mkono wangu ule mstari mwekundu, niandike chini yake aspirini, na niandike ni nani aliyempa, na namna alivyompa. Nikaandika.

Halafu aliuliza kuhusu ngozi. Kwa kuwa nilikuwa nimeshaanguka, nilieleza na hilo, kwamba mama ana madoa mikononi na shingoni, na kwamba mimi ndiye niliyeagiza afunikwe nikihofia ukoma. Daktari alifumba macho kidogo. Tukaenda wodini, mke wangu akamfunua mama mkono mmoja. Daktari aliligusa doa moja, akalisugua kwa ncha butu ya kalamu mara chache, akasubiri. Doa likainuka taratibu, likavimba na kuzungukwa na wekundu, na mama akajikuna. Akasugua ngozi isiyo na doa, haikufanya hivyo.

Alituambia kwamba huo si ukoma, wala si ugonjwa wa kuambukiza. Ulikuwa na jina refu la Kilatini ambalo sikulishika. Alisema ndani ya madoa yale zimo chembe nyingi mno zilizojaa kitu kama kile ambacho nyuki akikuuma kinakufanya uvimbe. Kwa watu wengine chembe hizo ni chache na zimetulia. Kwake zikiguswa na sumu ya nyuki, pombe, joto, baridi ya ghafla, au baadhi ya dawa, zinamwaga vilivyomo kwa mpigo mmoja. Akasema aspirini ni mojawapo ya dawa hizo, na mofini pia, ambayo mama mwenyewe aliikataa. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimepelekwa kwenye mafunzo mengine, nilikuta ugonjwa huo kwenye kitabu, siku hizi unaitwa ugonjwa wa seli za masti, ndizo zile chembe za daktari. Niliposoma orodha ya vitu vya kuepukwa nilikuwa naisikia kwa sauti ya mke wangu.

Siku hiyohiyo tulianza upya. Daktari alimpa kwanza kidonge kimoja kati ya vile vichache vya kuzuia mwasho ambavyo hospitali ilikuwa navyo. Tukangoja saa nzima. Kisha akamkwaruza mkononi kwa tone la penisilini, tukangoja. Akamchoma sehemu ndogo sana, tukangoja. Adrenalini ilikuwa imeshavutwa kwenye sindano, imelala kwenye sahani pembeni. Kazi yangu ilikuwa kukaa na kushika mapigo ya mkono wake, na kuhesabu. Nilihesabu kuanzia saa sita mpaka jua lilipoelekea kuzama, vidole vyangu juu ya madoa yale niliyoyaogopa, na yeye amegeuzia uso dirishani. Mapigo yalikwenda sawa. Jioni alipewa dozi nzima.

Baada ya hapo tuliendelea hivyo kila siku. Kidonge kwanza, kungoja, ndipo sindano. Kitanda chake kilihamishiwa upande usiopigwa na jua, blanketi zito likaondolewa. Homa tuliishusha kwa maji ya vuguvugu peke yake, kama mke wangu alivyokuwa anafanya toka mwanzo. Hakuna dawa mbili mpya zilizoanzishwa siku moja, ili kama moja ikimkataa tuijue. Siku ya tatu homa ilivunjika. Mguu ulibaki. Vile vidole viwili havikupona, daktari alivitoa.

Sikufukuzwa. Daktari alisema kwamba akinifukuza atabaki na mikono yake miwili tu, na kwamba afadhali nibaki nikiwa najua nilichofanya. Nadhani aliona kuwa kubaki ndiyo adhabu.

Mke wangu aliniambia kwamba mama yake bado hajui. "Mimi simwambii," alisema. "Hilo ni lako." Kwa hiyo siku moja alasiri nilikwenda nikapiga magoti kwenye mlango wa wodi, nikawapa mgongo kama heshima ilivyotaka, nikamwambia mke wangu kwa sauti ya kusikika, amwambie mama kwamba ule uji niliompelekea niliutia vidonge vile alivyovikataa. Kwamba nilimficha. Kwamba baadaye nilimdanganya hata daktari, na vidole vyake vimeondoka kwa ajili hiyo. Kwamba na kikombe nilikitenga kwa hofu ya bure.

Mke wangu hakurudia maneno yangu, maana hapakuwa na haja. Niliyajua mapigo yake, lakini uso wake usio na uvimbe bado sikuujua, na pale nilipokuwa nimepiga magoti sikuweza kuuona.

Akajibu mwenyewe, bila kupitia kwa binti yake. "Ungeniuliza tu, baba. Ningekataa, na wewe ungejua nimekataa."

Nilingoja aendelee. Nilitaka anitukane au anisamehe. Baadaye nilisikia akimwambia binti yake amsogezee maji.

Baada ya wiki kadhaa, mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha, mjomba alikuja na baiskeli yake kumchukua. Daktari alimwandikia karatasi ya dawa zisizomfaa, na akaniagiza mimi niiandike kwa Kiswahili. Mama hakujua kusoma, lakini aliomba asomewe mara tatu, akayashika yote, akaishonea karatasi kwenye kipande cha kitambaa akaivaa shingoni. Majirani walikuja kumuaga. Walimuuliza kilichompata, na mimi nilikuwa palepale uani, nikifunga mzigo wake kwenye baiskeli.

Aliwaambia kwamba dawa za mjini ziligombana na mwili wake, hali ikawa mbaya, mpaka mkwe wake akakaa naye kutwa nzima ameushika mkono, akihesabu, na mguu ukapona.

Hakuna neno la uongo ndani ya maneno yale. Wanawake waligeuka kunitazama, mmoja akasema hakika Majengo tuna daktari. Nilikaza kamba. Mke wangu alikuwa karibu nami, na nilijua ananitazama aone kama nitasema kitu. Sikusema kitu. Mama alipandishwa, akanipita akiwa ameinamisha kichwa, nami nikainamisha changu, tukawa tumerudi kwenye desturi.

Mwezi uliofuata mjomba alirudi na debe dogo la asali na jogoo mweupe, vimetoka kwa baba mkwe. Ujumbe wake ulikuwa kwamba anamshukuru mkwe wake aliyemrudishia mke akiwa na miguu miwili. Jogoo alichinjwa, majirani wakaalikwa. Walinipa firigisi, sehemu ya mwanamume anayeheshimiwa katika nyumba, wote wakiangalia nile. Mke wangu aliniwekea sahani mbele yangu akarudi jikoni.

Niliila. Walipouliza juu ya ule mguu, nikajibu kwamba nilikuwa nafanya kazi yangu tu.